Sabuni Katika Tundu la Soketi

Betty mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. Hakutuma mtu, wala hakungoja habari inifikie kupitia watu wa kanisa. Alisema, "Mwende, Odhis ametuacha," nami badala ya kulia nikajikuta najiuliza, ametuacha sisi nani? Mimi na Odhiambo, ndiye huyo Odhis, tulikuwa tumeachana zamani, na sababu ya kuachana kwetu ndiyo hiyo iliyokuwa inanipa pole kwenye simu kwa sauti iliyokauka. Lakini nilikwenda. Nilifunga leso juu ya rinda langu la kanisa nikaenda Kawangware, nikakuta hema limesimamishwa nje ya nyumba, viti vya plastiki vimejaa watu, na akina mama wa kikundi wanagawa chai ya maziwa na mkate. Betty aliponiona mlangoni aliinuka, akanikumbatia mbele ya wote, akawaambia walioketi kwenye kochi wasonge nikae kando yake. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama mimi ni dada wa marehemu. Betty akajibu, "Huyu ni wetu," na ikaishia hapo. Mimi ni mtu mzima, magoti yananiuma, nina wajukuu. Baada ya Odhis niliolewa na mtu mwema na sina cha kulalamika. Lakini nilipoona watu wanavyoinama mmoja mmoja kumshika Betty mikono yote miwili na kumwambia pole mama, wivu ulinipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Haki ya Mungu, nilimwonea wivu hata kilio. Mimi pia nilikuwa nimelia, lakini nililia nyumbani, uso kwenye mto, kwa sababu hakuna mtu anayempa pole mke wa zamani.

Watoto wangu wananijua kama mama wa duka la vifaa vya stima hapa Sarang'ombe. Wakiniuliza nilijifunzia wapi kutofautisha waya na waya, huwa nawaambia nilifundishwa na fundi mmoja wa Lindi, mtaa wa hapa hapa Nairobi, halafu nawauliza kama wamekula. Si uongo. Kile ambacho sijawahi kuwaambia ni kwamba nilijifunza ili nimkamate huyo fundi. Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa El Nino, mvua ilipoanza kunyesha ikasahau kuacha, na kila mtu wa Nairobi wa rika langu ana hadithi yake ya mvua ile. Huyu nyumba yake ilibebwa na maji, yule alivuka mto na godoro kichwani. Yangu ni hadithi ya soketi, na watu wakisimulia zao mimi huwa nanyamaza.

Tulikuwa tunakaa Lindi, chumba kimoja, kuta za udongo na paa la mabati. Upande mmoja kitanda kilichozibwa kwa pazia la maua, upande mwingine jiko na sufuria, na katikati meza iliyokuwa ya kulia, ya kupiga pasi na ya kuwekea vifaa vya kazi vya Odhis. Mume wangu alikuwa fundi wa stima, tena wa kusomea, aliyetoka huko kwao ziwani na cheti cha politekniki, lakini nyumbani kwetu hapakuwa na soketi hata moja. Mwenye ploti alikuwa amekata pengo juu ya ukuta kati yetu na jirani, Mama Akoth, akaning'iniza balbu moja hapo katikati ili imulike vyumba viwili. Alikuwa anaiwasha yeye jioni na kuizima yeye. Pasi ya stima, koili ya kuchemsha maji, vyote vilikuwa marufuku, na akisikia mita inakimbia alipita mlango kwa mlango akinusanusa. Kupitia lile pengo tulisikia kila neno la kwa Mama Akoth, naye alisikia yetu. Tulizoea. Akikohoa, Odhis alimwambia pole akiwa bado anatafuna. Na kama unadhani mke wa fundi ana raha ya fundi, hujaishi na mmoja. Nyumbani Odhis alikuwa mtu wa lipualipua. Mlango wetu ulifungwa kwa kipande cha waya, na rafu niliyoiomba tangu tuanze kukaa pamoja ilikuwa bado mbao mbili chini ya kitanda. Sikumlaumu. Nilijiambia mtu akishinda akifanyia wengine kazi, mikono inafika nyumbani imechoka.

Betty alikuwa na kibanda cha maziwa Kawangware, upande wa kuelekea Satellite. Ndani palikuwa padogo, kwa hivyo friji yake ilikaa nje chini ya ukingo wa mabati, ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli, na soketi ilikuwa hapo hapo kwenye ukuta wa nje. Mvua za kwanza za mwaka ule zilipoupiga ule ukuta, mteja mmoja aligusa kizimba akarushwa na stima mpaka maziwa yakammwagikia. Hakuumia, lakini Betty aliogopa, akatafuta fundi, akaelekezwa kwa Odhis. Siku hiyo Odhis alirudi na hasira ya kikazi. Tulikuwa tunakula ugali na sukuma wiki, naye anapiga meza kwa kidole akinieleza. Soketi ilikuwa ya kawaida, ya ndani ya nyumba, imekingwa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa nusu. Wengi walifanya hivyo. Sheria za kuweka waya, akasema, zinataka mahali panapolowa soketi ikae ndani ya boksi lake la kuzuia maji. Halafu si kifuniko chochote tu. Kuna kile kifupi ambacho hufunga tu plagi ikiwa imechomolewa, na hicho kinafaa kwa mtu anayechomeka kitu kidogo akachomoa. Lakini friji haichomolewi. Lazima kiwe kile kirefu, chenye tumbo, kinachofunga hata plagi ikiwa ndani. "Mvua haitangoja Betty achomoe friji," alisema. Nilicheka. Nilimpenda sana akiongea hivyo, na jina la Betty lilipita masikioni mwangu bila kugusa kitu.

Alikwenda mjini akanunua boksi la namna hiyo, akaenda kulifunga. Soketi moja, ukuta mmoja, mama mmoja, ilipaswa iishie hapo. Lakini wiki iliyofuata alirudi Kawangware, na iliyofuata tena. Nikamuuliza kuna nini, naye akacheka akaniambia jambo ambalo mtu yeyote wa Nairobi angeliamini. Lile boksi, alisema, lina tundu dogo upande wa chini, limeachwa makusudi, ili jasho la ndani na tone lolote litakalopenya lipate njia ya kutoka. Sasa yule mama akiona tundu, anaona boksi limetoboka. Anachukua sabuni ya kipande, anaifinyanga kwa vidole, anaziba. Ungemlaumu vipi? Sisi sote ndivyo tulivyoishi. Jerikeni likivuja, sabuni. Karai likivuja, sabuni. Nimewahi kuona hata tangi la petroli la pikapu limezibwa kwa sabuni na gari likaenda. "Ameziba tena," Odhis alikuwa akisema akivua viatu, "nimetoa, nimemweleza, na najua ataziba tu." Tundu likizibwa maji yanakaa ndani, na maji yakikaa ndani siku moja mtu atakufa kwenye kile kizimba. Kwa hivyo ilibidi aende aangalie. Nilimwamini kabisa. Tena nilimtetea yule mwanamke nisiyemjua, nikamwambia Odhis mama wa watu anaogopa, amweleze pole pole.

Soksi ndizo zilizonifungua macho. Kulikuwa na siku mvua ilipiga tangu asubuhi, matope ya Lindi yanavua watu viatu njiani, na Odhis akarudi kutoka Kawangware, akavua gambuti zilizokuwa zinachuruzika, na ndani yake soksi zilikuwa kavu, kisigino tu ndicho kilichoanza kulowa. Nilizishika. Asubuhi alikuwa ametoka na gambuti hizo hizo, zenye ufa kwenye kisigino, na hakuna soksi iliyowahi kumaliza siku ndani yake bila kulowa. Kuna mahali zilivuliwa. Kuna mahali zilianikwa, na gambuti zikapanguswa, na mwenye miguu akakaa akingoja zikauke. Nilizikunja nikaziweka mahali pake. Siku chache baadaye nilikuwa peke yangu nachagua mchele, na kwa Mama Akoth mumewe amerudi kutoka kibaruani. Alikuwa anajenga huko Satellite. Wakaanza kuongea Kijaluo, sauti chini. Alimwambia mkewe kwamba amemwona Odhis ameketi ndani kwa mama wa maziwa, miguu mitupu, anakunywa chai kwa kikombe cha udongo. Mama Akoth akamwambia anyamaze, yule Mkamba yuko. Mumewe akasema yule Mkamba hasikii Kijaluo. Nilikuwa nimeolewa na Mjaluo, nimekula meza moja na wajomba zake, na bado walidhani masikio yangu ni ya kubebea herini. Nilisikia kila kitu, hadi hicho kikombe.

Wacha nikwambie wivu ulivyo, kama hujawahi kuupata. Haukai moyoni kama wanavyoimba. Unakaa mikononi. Nilikuwa nikikanda unga wa mandazi ya kuuza naukanda mpaka unakuwa mgumu, wateja wanalalamika. Nilimwonea wivu Betty kwa kikombe cha udongo, maana sisi tulikuwa na vya plastiki. Nilimwonea wivu kwa friji, kwa ukuta wa mawe, kwa kuwa na kitu kinachoharibika na kuhitaji fundi. Kwangu hakukuwa na cha kuharibika. Na sikuweza kumshtaki Odhis, ningesema nini, kwamba soksi zako ni kavu? Angeniambia habari za tundu na sabuni na mtu atakayekufa kwenye kizimba, na mimi ningekaa kimya kwa sababu sikujua kama inawezekana. Alikuwa na jibu la kikazi kwa kila swali na mimi sikuijua kazi. Hapo ndipo nilipoamua. Nitaijua hiyo soketi, nikajiambia, niijue kuliko anavyoijua yeye, kisha niende nikaione kwa macho yangu. Nikikuta sabuni, nitarudi nimpikie kuku. Nisipoikuta, basi.

Nilianza kwa kumuuliza tu, tukila. Kwa nini boksi la nje ni tofauti na la ndani? Masikini, alifurahi. Tangu tuoane hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Kesho yake alikuja na boksi lililopasuka ambalo dukani hawakuweza kuliuza, kifuniko chake bado kizima, akaliweka mezani kando ya sahani ya samaki, akaanza kunifundisha. Alinionyesha mpira mwembamba unaokaa ukingoni, na jinsi unavyotakiwa kulala sawa kote bila kujikunja. Akanipa bisibisi akaniambia nikaze. Nilikaza skrubu za upande mmoja, mpira ukabinuka upande wa pili, akanicheka. Unakaza kona hii, alisema, kisha ile ya mbali, unazipishanisha, kidogo kidogo. Waya lazima uingie kutoka chini, kamwe si juu, na kabla ya kuingia uachwe ulegee ufanye kama tumbo, ili maji yanayoteleza juu yake yadondokee hapo yasiufuate mpaka ndani. Kitu chochote cha chuma kilicho karibu, kama kizimba, kipate waya wake wa ardhi, wa kuipeleka udongoni stima inayovuja. Na lile tundu la chini lisizibwe, wala usiingize kidole kutazama. Chukua kijiti cha kiberiti kilicho kikavu. Hata akiwa ameitoa sabuni jana, alisema, kijiti kitatoka na utelezi, sabuni haiondoki yote. Alinieleza hayo yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, huku akinichambulia miiba ya samaki.

Nimefikiria sana kuhusu jioni zile. Sijui niziite nini. Nilikuwa nimekaa na mume wangu, kichwa kwa kichwa juu ya meza, mvua inapiga mabati mpaka inabidi tuongee kwa sauti, na alikuwa ananipa kila alichokuwa nacho kichwani. Hakunificha kitu. Ndoa yetu haikuwahi kuwa tamu vile kabla ya hapo, na moyoni nilikuwa nakusanya ushahidi. Mama Akoth alisema kupitia pengo kwamba siku hizi tunaongea kama wachumba, na Odhis akamjibu kwamba mkewe anataka kumnyang'anya kazi. Nilicheka nao. Siku hizi mteja akija dukani kwangu akinunua boksi la nje, halafu akalirudisha kesho yake akilia kwamba nimemuuzia lililotoboka, huwa namweleza habari ya lile tundu kwa maneno yale yale, pole pole, nikimwonyesha kwa kijiti. Vijana wangu wa dukani wanasema mathe ana subira na wateja wa maboksi. Hawajui ni sauti ya nani ninayoisikia.

Kadiri nilivyojua ndivyo nilivyopata matumaini, na hilo ndilo lililoniuma baadaye. Maana kila alichonifundisha kilikuwa kinampa yeye haki. Kweli tundu likizibwa maji hukaa. Kweli mtu asiyejua angeziba. Kweli fundi mwenye roho angerudi kuangalia. Nilianza kuomba Mungu nikute sabuni. Nilimwona Betty akilini mwangu kama mama mnene wa makamo, mbishi, mwenye kipande cha sabuni mfukoni mwa aproni, na nikampenda. Asubuhi moja Odhis alisema ana kazi huko mtaa wa Karen, akimaliza atapitia Kawangware aone kama mama wa maziwa ameziba tena, kwa sababu mvua ya juzi ilikuwa kali. Nilimpa chai yake. Alipotoka nilivaa sweta na gambuti zangu, nikatia kiberiti ndani ya karatasi ya nailoni nikakificha kifuani, nikashika njia. Nilipanda kutoka Lindi, nikavuka barabara ya Ngong pale Dagoretti Corner, nikafuata Naivasha Road kwa miguu mpaka Satellite, maji yanatiririka kando kando, na njia nzima naomba sabuni.

Hakuwa mnene. Alikuwa msichana wa rika langu, mrembo kidogo tu, si wa kutisha, mwenye sauti ya taratibu ya watu wa mkoa wa Magharibi. Aliniona nimelowa akaniambia, "Ingia huku chini ya mabati, dada, utashikwa na baridi." Nikamwomba maziwa. Nikajifanya naangalia kizimba, nikasema kwetu tunaogopa stima ya nje na mvua hii, yeye hasumbuliwi? Nilijaribu kuifanya sauti yangu iwe ya mtu anayepitisha wakati. Akasema zamani ndiyo, ilimrusha mteja, lakini alipata fundi akamwekea hii, na tangu siku hiyo hajaona shida yoyote.

"Hata hujawahi kuigusa?" nikauliza. "Kuziba mahali, kufanya nini?"

"Nizibe nini?" akasema. "Mimi naogopa hata kuipangusa. Fundi wangu mwenyewe ndiye anakuja kuiangalia."

Alisema fundi wangu. Kisha akaingia ndani kunichemshia maziwa, kwa sababu alisema siwezi kunywa baridi na hali ile, na mimi nikabaki peke yangu na lile boksi. Nikainua kifuniko. Mpira ulikuwa umelala sawa ukingo mzima, hakuna mahali umejikunja, na plagi iko ndani, na kifuniko kikarudi juu yake kikafunga kwa mlio mdogo. Waya ulikuja kutoka chini, ukafanya tumbo lake vizuri, na tone la maji lilikuwa linaning'inia pale pale alipokuwa ameniambia litaning'inia. Kizimba kilikuwa na waya wa ardhi. Klipu zilizoushikilia waya ukutani zilipangwa kwa nafasi sawa, na skrubu za boksi, jambo ambalo hata hakunifundisha, mifereji yake yote ilisimama wima, ikitazama upande mmoja, ili maji yasikae humo. Nikatoa kijiti, nikainama, nikakiingiza kwenye tundu la chini. Kilitoka kikavu. Nikakisugua kwa vidole. Nikakinusa, kama kichaa, pale barabarani. Hakukuwa na sabuni, na hakujawahi kuwa na sabuni.

Betty akatoka na maziwa ya moto, na nadhani unajua yalikuwa ndani ya kikombe gani. Nikayanywa. Nilikuwa na baridi, na yalikuwa mazuri. Akaniona bado naangalia ukuta akacheka, akaniambia yule fundi anaipenda hiyo soketi kama mtoto, akija lazima aipapase kwanza kabla hajakaa. Alisema bila kuficha, kama msichana anayemsifu mtu wake mbele ya mgeni, na hapo nikajua kwamba hajui lolote kunihusu. Odhis hakumwambia. Nilikuwa na maneno ya kumtupia usoni na sikuyatupa. Nikamshukuru, nikarudisha kikombe, nikaondoka. Ukweli ni kwamba nilikuwa tayari kusamehe mambo ya kitanda. Nilikuwa mtu mzima, nilijua wanaume. Ningeweza hata kusamehe soketi mbovu, niliitaka sana hiyo soketi mbovu. Kilichonichoma ni zile skrubu. Nilitembea njia nzima nikiziona. Mwanamume aliyefunga mlango wangu kwa waya alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa mwanamke mwingine, akazungusha kila skrubu mpaka mfereji wake ukasimama wima, mahali ambapo hakuna mtu angewahi kutazama. Niliwaza alivyokuwa amerudi nyuma hatua kidogo kuangalia. Nilimwonea Betty wivu ambao sijawahi kumwonea mtu tena, na sijui kama nimewahi kuumaliza.

Odhis alirudi jioni, bado kuna mwanga nje na mwenye ploti hajawasha balbu. Nilikuwa nimepika. Nikamnawisha mikono, nikamwekea ugali, nikamuuliza kama alipitia Kawangware. Alipitia, akasema. Nikamuuliza kama alikuta sabuni. Akatikisa kichwa kama mtu aliyechoka na ujinga wa watu, akanionyesha nusu ya kidole gumba. "Kipande hivi," alisema. "Nimekitoa kwa msumari."

"Nimetoka huko leo asubuhi," nikamwambia. "Nimetia kijiti. Hakuna sabuni. Na mwenyewe anaogopa hata kuipangusa."

Kwa Mama Akoth mwiko ukaacha kugonga sufuria. Odhis aliutazama mkono wake uliokuwa na tonge, akalirudisha sahanini. Nilingoja anidanganye tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nilikuwa na majibu ya kila uongo, nimeyakariri kutoka Satellite hadi Lindi. Nilijiandaa pia kwa kupigiwa magoti na kwa hasira. Akaniangalia, na alichouliza hakikuwa katika yale niliyojiandaa nayo.

"Ulifungua kifuniko?"

"Nilifungua."

"Na mpira uliuona?"

"Niliuona. Na skrubu nimeziona."

"Uliionaje kazi?" akaniuliza, kwa sauti ndogo, kwa kuwa katika dunia nzima hakuwa na mtu mwingine aliyejua kuiangalia.

Ningeweza kumdanganya. Neno moja tu lingetosha kumuumiza pale pale alipokuwa ameniumiza mimi. Lakini alikuwa amenifundisha, na nilijua nilichokiona. Nikamwambia, "Ni kazi safi, Odhis. Sijawahi kuona safi kama hiyo." Na hakuweza kujizuia. Alitabasamu. Machozi yalikuwa tayari yamemjaa, aibu iko usoni, na bado alitabasamu, halafu akaanza kunieleza jinsi ule ukuta ulivyokuwa na mgongo katikati, boksi likawa linacheza, mpaka akausugua kwa jiwe mchana kutwa ndipo mpira ukalala. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa nataka kujua alivyofanya. Alipomaliza niliinuka, nikafungua pazia la kitanda, nikaanza kukunja nguo zangu.